Moto wa msitu: wananchi waonyeshwe mstari mmoja ama uwezekano wote?

Wadau, moto ukishika msitu kama ule wa Aberdare Februari 2022, watu wanaoishi kando waonyeshwe ramani gani? Kuna jamaa tumebishana naye hapa tao, yeye anasema wapewe mstari mmoja tu, moto utafika hapa saa kumi, basi, ukianza mambo ya asilimia watachanganyikiwa. Mi nakataa kabisa.

Modeli nyingi za moto, yaani programu za kompyuta za kukadiria moto utaenda wapi, zimesimama juu ya hesabu ya kasi ya moto ya mtafiti Mmarekani Rothermel ya 1972, kazi nzuri sana hiyo, lakini inachukulia nyasi ziko sawasawa na upepo unavuma vilevile, sasa nani amewahi kuona upepo wa mlimani ukitulia? Kwa mteremko moto unapanda mbio kwa sababu ndimi zake zinakausha majani ya huko juu kabla hayajashika, halafu cheche zinabebwa na upepo zinawasha kwingine mbele kabisa. Ukikosea upepo kidogo tu mstari wote umepotea, na ushauchora na kalamu nyekundu kama mtu mwenye uhakika.

Jimbo la Victoria, Australia, tarehe 7 Februari 2009 walikufa watu 173. Jioni upepo uligeuka, ubavu mrefu wa moto ukawa ndio uso wake, aliyekuwa pembeni akajikuta mbele. Ndio nasema modeli iendeshwe hata mara 100, kila mara upepo na unyevu vibadilishwe kidogo, kisha ramani ipakwe rangi, hapa moto umefika mara 90, pale mara 20.

JIBU: Sawa ndugu, lakini shosho yangu wa Nyandarua ukimwambia 20 kwa 100 atasema hiyo ni kidogo, abaki na ng'ombe wake. Kwa redio sema ondokeni ama kaeni, kwisha.

Hapo kwa shosho umenigusa, kweli amri iwe moja. Ila anayeitoa awe ameziona hizo 100 zote, si ile moja iliyompendeza, na shosho naye asifichwe sababu. Aambiwe hivi, mama, saa hii moto unaelekea kule ng'ambo, lakini upepo ukigeuka unakuja kwako, hamisha ng'ombe mapema. Upepo wa kwao anaujua kutushinda sisi wa Nairobi, atatoka hata kabla ya redio kurudia.