Alama za kitambaa ndani ya bizimu la Waviking zimetoka wapi?

Mtunza_Kabati
Wakuu, naandaa maelezo ya jozi ya mabizimu ya Skandinavia, yale ya umbo la yai ambayo wanawake walivaa mawili mawili kifuani kushikia kanda za gauni. Ni aina ya P51 (namba 51 katika orodha ya mwanaakiolojia Jan Petersen), urefu kama sentimita 11. Upande wa ndani umejaa alama za nyuzi zilizofumwa. Ni mabaki ya nguo ya marehemu? Na mbona moja ni dogo kuliko jenzake kwa milimita kadhaa?

FundiSubu
Alama hizo ni za karakana, si za nguo. Fundi alichukua kielelezo, pengine bizimu jingine lililokwisha kutengenezwa, akakigandamizia udongo uliochanganywa na mchanga, kisha akakitoa. Ndani ya shimo lililobaki akatandika kitambaa kilichochovywa kwenye nta. Unene wa kitambaa hicho ndio utakaokuwa unene wa shaba, milimita moja au mbili hivi. Juu yake akashindilia udongo wa nusu ya pili, nao ukanakili kila uzi. Akafungua, akatoa kitambaa, akazirudisha nusu mbili pamoja, akaziba kiungo, akakausha na kuichoma kalibu hiyo (umbo la udongo la kumiminia metali), ndipo akamimina shaba iliyoyeyushwa. Kitambaa kikiwa chembamba mno mahali fulani, metali huganda kabla ya kufika na bizimu hutoka na tundu. Yapo yenye viraka vya namna hiyo.

Kalibu huvunjwa ili kutoa kazi, kwa hiyo kila bizimu lina kalibu yake. Ndiyo sababu mji wa Ribe, Denmark, umetoa vipande vingi sana vya kalibu za udongo.

Kuhusu ukubwa: udongo hunywea ukikauka, na metali hunywea ikipoa. Nakala iliyotokana na nakala hutoka ndogo kidogo, na nakshi zake zimefifia. Usipime ukingoni, maana ukingo ulipigwa tupa. Pima kutoka kitovu cha kifundo (nundu ya nakshi) kimoja hadi kingine, tena gamba la juu peke yake na la chini peke yake, kwani P51 ina magamba mawili ya metali, moja juu ya jingine.

Uzi_na_Kutu
Nakubaliana na Fundi, ila usifute kitu bado! Nguo halisi itafute penye pini. Pini nyingi zilikuwa za chuma; kutu yake huingia kwenye nyuzi na kuzigeuza kuwa kama jiwe, huku chumvi za shaba zikizuia vijidudu. Alama za kalibu zimeenea ndani kote na ni sehemu ya metali yenyewe. Nyuzi za nguo hukaa juu ya kutu, karibu na pini na kishikio chake, mara nyingi kama vitanzi vyembamba vya kitani vya kanda za gauni. Angalia kwa hadubini, mwanga uje kutoka ubavuni.

Mtunza_Kabati
Asante sana. Jozi nyingine ikitoka kaburini, itolewe vipi ili vitanzi visipotee?

Uzi_na_Kutu
Usiligeuze, usilioshe. Kwanza piga picha na uandike ni la bega gani na pini inaelekea wapi. Chimba kulizunguka, uache udongo wa sentimita 5 au zaidi kila upande, funika kwa plastiki nyembamba, zungushia bandeji ya plasta, kisha kata chini na uingize bamba. Liweke penye ubaridi na giza, lifike maabara haraka, lipigwe eksirei kabla ya kufunguliwa. Udongo ukikaukia njiani hujikunja na kung'oa nyuzi. Hilo ndilo kosa la kawaida. Kosa la pili ni kutupa udongo wa katikati ya mabizimu mawili: humo ndimo zilimo shanga.

Danelaw
Nyongeza mbili. Jozi haikuwa lazima ifanane. Mwanamke wa Adwick-le-Street, Uingereza, aliyefukuliwa 2001, alizikwa na mabizimu mawili yasiyolingana. Kwa hiyo tofauti ya milimita isikufanye uandike kwamba jozi yako imechanganywa makumbusho. Angalia kwanza daftari la uchimbuaji.

Pili, wenye vigunduzi vya metali: likitoka moja, simameni hapo hapo na kutoa taarifa. Cumwhitton, Cumbria, Uingereza, mwaka 2004, kazi ilianza na mabizimu ya P51 yaliyopatikana kwa kigunduzi, na wanaakiolojia walipochimba wakakuta makaburi sita.