Hivi polisi wa Camden, New Jersey walivunjwa kweli?

Mgeni_wa_Philly: Wakuu habari zenu, nimehamia Philadelphia juzijuzi, ukivuka daraja tu la mto Delaware uko Camden, mji mdogo wa watu 70,000 na kitu. Jamaa kazini kaniambia mji huo 2013 ulivunja polisi wake wote wakaja wa kaunti, yaani kama wilaya yenye miji mingi ndani yake. Mimi nimezoea polisi ya kwetu, IGP, RPC, OCD, uende Bukoba uende Lindi jeshi ni lile lile. Mji unavunjaje polisi? Na usiku ule nani alilinda watu?

MzeeWaJersey: Karibu mdogo wangu. Huku miji mingi inaajiri polisi wake na kuwalipa yenyewe, mji ukiishiwa na polisi nao wanaishiwa. Camden ilikuwa na viwanda hasa, meli, RCA Victor na redio zake, supu ya Campbell, vikafungwa kimoja kimoja kodi ikakauka. Januari 2011 wakapunguza askari 168 kwa siku moja, karibu nusu ya kikosi! 2012 wakauawa watu 67, kwa mji saizi hiyo ni msiba. Usiku haukubaki mtupu lakini, wapya walishaanza kuingia mitaani kabla ya wa zamani kufunga.

Binti_Tanga: Mzee umesahau mkataba. Idara ilipofutwa na mkataba wa chama cha askari ukafutika, kila mmoja aombe kazi upya, marupurupu yakakatwa, hela ile ile ikaajiri watu wengi zaidi. Mkuu alibaki yule yule Scott Thomson mpaka 2019. Askari wakaambiwa washuke kwenye magari, watembee kwa miguu, wagonge milango wajitambulishe. Na mtu akipigwa risasi hawasubiri ambulensi, wanambeba kwenye gari yao mbio hospitali. Hilo mimi nawaheshimu sana.

Kaka_Juma: Dada kweli, ila tusipake rangi. Mwanzoni tiketi za faini zilimwagwa kwa masikini, vioo vyeusi vya gari, taa mbovu, hadi baiskeli haina kengele, na malalamiko ya kupigwa yakapanda. Ndo wakabadilisha mafunzo, 2019 ikaja sera kwamba nguvu ni ya mwisho kabisa na askari akiona mwenzake anazidisha lazima amzuie. Mwaka huo waliouawa ni 25, bado wengi, kila mmoja ana mama yake.

Mgeni_wa_Philly: Asanteni sana. Sasa hao wa kaunti wanalinda kaunti nzima?

MzeeWaJersey: Hapana, jina tu. Kazi yao ni Camden mjini, mji wa Cherry Hill hapo jirani wana polisi wao, walikataa kujiunga na hao wa kaunti. Halafu sherifu wa kaunti ni mwingine kabisa, yule anapigiwa kura na kazi yake kubwa mahakama na kusafirisha wafungwa. Wewe ukipata shida piga 911, watajuana wenyewe nani aje.