Kundi la "Ukoo wa Chumbageni": mgongo wa Mzee

[19:02] Dada Mwanaidi: Asalaam aleikum wote. Majibu ya MRI ya baba ninayo, someni mpaka mwisho msiruke kama mlivyoruka ya arusi

[19:10] Dada Mwanaidi: Njia ya uti wa mgongo imebana pale pingili ya nne na ya tano ya kiuno. Ndo maana akitembea mpaka dukani kwa Mangi miguu inawaka inakufa ganzi anajikuta amekaa baraza za watu, ila baiskeli anaendesha mpaka Raskazone halalamiki. Daktari kasema kwenye baiskeli unainama, ukiinama njia inafunguka kidogo, ukisimama wima inabana tena

[19:12] Hamisi: Kumbe. Sisi tulisema mzee anakwepa kutumwa sokoni 😂

[19:13] Fuad Maskati: Basi aingie msikitini na baiskeli mpaka safu ya mbele

[19:21] Dada Mwanaidi: Sichezi. Fizio na dawa keshafanya toka Rajabu, nafuu hakuna. Sasa kuna operesheni ya kufungua nyuma, wanapunguza mfupa na ile nyama ngumu inayobana mishipa ya fahamu, kisha wanafunga kidonda, haichukui siku nyingi anasimamishwa. Nyingine ni hiyo hiyo ila wanaongeza skrubu na vyuma pingili zishikane ziote mfupa mmoja, hiyo ya pingili iliyoteleza au inayocheza, na kuota kwake ni miezi siyo wiki, mvuta sigara ndo kabisa inagoma. Ya baba imeteleza kidogo tu kwa hiyo daktari anataka eksrei akiwa ameinama na akiwa amejinyoosha nyuma ndo aamue. Kliniki Alhamisi MOI, ile taasisi ya mifupa ya Muhimbili

[19:24] Fuad Maskati: Mbona huku jamaa yangu kafanyiwa ya kamera, kovu kama ukucha. Na diski bandia je, ule mto wa kati ya pingili

[19:29] Dada Mwanaidi: Ya kamera nimeuliza, kasema mgongo wenyewe ndo unachagua. Huyo jamaa yako si ni diski ilichomoka? Ya baba ni pingili kulika, diski bandia haimfai

[19:30] Hamisi: Kamera wampige na pasipoti saizi kabisa

[19:31] Mama Jumaa: 🤣🤣🤣

[19:40] Dada Mwanaidi: Mko 23 humu wanaojibu watatu. Kila nyumba laki na nusu kabla ya Jumatano. Halafu mama kanambia toka juzi mkojo wa baba unasuasua

[19:44] Hamisi: Laki na nusu tena? Ile ya Muheza hesabu hatujaiona

[19:45] Dada Mwanaidi: Hamisi usianze

[19:45] Hamisi: Sianzi, naendelea pale tulipoishia

[19:52] Mama Jumaa: Ya Muheza kila mtu anajua daftari alishika nani

[23:41] Salma: Ndo natoka zamu. NYIE. Mkojo unasuasua na mmepita tu?? Kwa umri wake inaweza kuwa tezi dume, lakini kama ana ganzi pale anapokalia, kati ya mapaja, au mguu unaburuta, ujue mishipa ya fahamu ya chini imeminywa na hiyo haingoji Alhamisi, ni usiku huu huu. Muulizeni

[23:44] Dada Mwanaidi: Nimuulize baba hayo, mimi?

[23:45] Hamisi: Mi pia naanzia wapi

[23:58] Baba Mdogo: Ndugu yangu anaumwa mnahesabu Muheza. Jumaa aamshwe. Yeye mjukuu, ana utani naye, akamuulize sasa hivi. Ya Muheza nitayasema mimi.

[00:31] Jumaa: Nimemwamsha kanitukana kwanza 😅 Ganzi huko hana. Nimemsimamisha kwa visigino na kwa vidole, kaweza. Kuamka usiku kukojoa anasema ni toka mwaka juzi, ila juzi kanywa dawa ya mafua ya dukani ndo ukagoma

[00:34] Salma: Alhamdulillah. Hiyo dawa aiache, zingine zinafunga mkojo. Asubuhi apelekwe hospitali ya hapo hapo wamwangalie, na ganzi ikianza wasingoje mtu

[00:36] Jumaa: Kasema vyuma hataki, atasujudu vipi. Ya kufungua atafikiria. Na laki na nusu msichange, atauza ng'ombe wake

[00:38] Salma: Kusujudu kazi kubwa ni ya nyonga, pingili mbili zikishikana bado anasujudu. Mwambieni

[06:15] Dada Mwanaidi: Asubuhi Jumaa anampeleka. Jumatano nani anamleta Dar? Hamisi?

[07:50] Dada Mwanaidi: Hamisi nimeona umesoma

[09:17] Hamisi: Gari klachi inasumbua, jioni ntasema

[09:20] Fuad Maskati: Ng'ombe yupi lakini, si yule aliuzwa?