Texas: kiwanja kimepandishwa thamani, nyumba imebaki palepale. Napingaje?

MkaaziDFW
Habari za humu. Notisi ya uthamini kwa ajili ya kodi ya nyumba imekuja: kiwanja kimetoka dola 60,000 hadi 95,000, jengo limebaki 290,000, jumla 385,000. Kiwanja ni futi 60 kwa 120, na nyuma kuna ukanda wa mtaro wa futi 15 ambao hauruhusiwi kujengwa. Homestead (nafuu ya kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe) ninayo, na thamani ya kutozwa kodi mwaka jana, baada ya kikomo cha kupanda, ilikuwa 330,000. Naweza kupinga kiwanja peke yake?

BintiPwani
Ndugu, tarehe kwanza. Mwisho ni Mei 15 au siku 30 tangu notisi ilipotumwa, ile itakayochelewa zaidi. Jaza Fomu 50-132 ya kupinga, haina ada. Weka alama pale panaposema thamani ya soko imezidi na pale panaposema hukuthaminiwa sawa na wenzako. Usiache hata moja, kwani hoja ambayo hukuiandika unaweza kuzuiwa kuitoa mbele ya bodi inayosikiliza mapingamizi.

Siku hiyohiyo omba kwa maandishi ushahidi ambao ofisi ya uthamini itautumia. Wanatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao, na wakikunyima baada ya kuomba, hawaruhusiwi kuutumia. Ombi hili ni muhimu sana kwa sababu Texas bei za mauzo ya nyumba hazitangazwi hadharani. Wao wanazo, wewe huna.

Kikokotoo
Kaka, kupinga kiwanja peke yake hakutoshi. Bodi inaangalia jumla, na ofisi inaweza kusema kiwanja kimezidi lakini jengo limepungukiwa, ukatoka mikono mitupu.

Tena kuna kikomo. Kwa homestead, thamani ya kutozwa haiwezi kupanda zaidi ya 10% kwa mwaka, ukiacha ujenzi mpya. 330,000 ukiongeza 10% ni 363,000. Kwa hiyo wakikushusha kutoka 385,000 hadi 370,000 utashangilia bure: bili ya mwaka huu haitapungua hata senti. Lengo lako ni kushuka chini ya 363,000.

Ingia tovuti ya ofisi ya uthamini, chukua viwanja vyenye msimbo wa mtaa uleule (namba ambayo ofisi huupa kila mtaa) na ukubwa unaokaribiana, gawanya thamani kwa futi za mraba. Chako ni 95,000 kwa 7,200, yaani dola 13.19. Tuseme wenzako wako kwenye 10.80: kiwanja kinakuwa 77,760, jumla 367,760. Bado hujafika! Hapo ndipo mtaro unapokuokoa. Ukanda wa 15 kwa 60 ni futi 900, sawa na 12.5% ya ardhi yako. Ukipunguziwa 10% tu kwa ajili yake, kiwanja kinashuka hadi 69,984 na jumla 359,984.

Wengi hukwama kwa kulinganisha na kiwanja kikubwa mno. Kadiri ardhi inavyokuwa kubwa, ndivyo bei kwa futi inavyoshuka, na mthamini atalitupilia mbali jedwali lako lote. Angalia pia kama mtaa wenu unathaminiwa kwa kiwanja kizima. Kama ndivyo, hesabu ya futi haina maana, linganisha viwanja vyenyewe.

MkaaziDFW
Asanteni sana. Huo mtaro nauthibitishaje? Na wakinipa ofa kabla ya kikao?

BintiPwani
Ramani ya upimaji uliyopewa wakati wa kununua nyumba huwa inauonyesha ukanda pamoja na upana wake. Upigie mstari mwekundu, ongeza picha mbili zinazoonyesha mtaro na ua wako kwa pamoja. Usipeleke picha za jikoni, hapa unazungumzia ardhi. Hali inayohesabiwa ni ya Januari 1.

Ofa ikiwa juu ya 363,000, usisaini. Ukishasaini makubaliano, shauri limefungwa kwa mwaka huo, huendi kwa bodi wala mahakamani.

Kikokotoo
Kikaoni mzigo wa kuthibitisha thamani ni wa ofisi, lakini usilitegemee hilo; peleka jedwali la ukurasa mmoja, nakala za kutosha. Kama huwezi kufika, tuma kiapo kwa Fomu 50-283. Ukitaka ndugu akuwakilishe, jaza 50-162 kabla.

Ukishindwa, una siku 60 tangu upokee amri ya bodi kuomba usuluhishi au kufungua kesi. Amana ya usuluhishi kwa homestead isiyozidi dola 500,000 ni dola 450. Kodi isiyobishaniwa ilipe kabla ya Februari 1 hata kama shauri linaendelea, la sivyo unaweza kupoteza haki ya kusikilizwa.