Fielder ya teksi Malindi: ibaki kwenye petroli au ifungwe gesi?

Teksi ya Casuarina

Assalam aleikum ndugu zangu. Ninaendesha Toyota Fielder ya injini ya 1NZ, lita moja na nusu, nikiwachukua wageni uwanja wa ndege wa Malindi na kuwafikisha Watamu au Mambrui, na mara mbili kwa wiki nashuka Mombasa, ambako ni kilomita 120 hivi kwa kwenda tu. Tangu Oktoba 2023, petroli ilipovuka shilingi 217 Nairobi na sisi wa pwani tukawa nyuma yao kwa shilingi chache tu, fikira ya gesi haijanitoka. Iko gereji Mombasa iliyo tayari kunifungia mtambo. Gari siuzi, na dizeli siitaki. Ninachoomba ni kulinganishiwa petroli na gesi, hasa zile kasoro ambazo mfungaji hawezi kunitajia wakati anazingojea pesa zangu.

Fundi wa Maweni

Waaleikum salaam, kaka. Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Gesi ya gari, yaani LPG, ni propani na butani zilizokandamizwa zikawa maji, na lita moja ya maji hayo ina nguvu pungufu kwa karibu robo ukiilinganisha na lita ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita ya petroli, kwa gesi litakwenda tisa, au tisa na nusu likiendeshwa kwa adabu. Wapo pia wanaochukua bei ya mtungi wa jikoni wa kilo 13 wakailinganisha na lita 13 za petroli, kisha wakasema gesi ni ghali, kumbe kilo 13 za gesi ni lita 24 hivi. Bei yoyote utakayopewa kwa kilo, igeuze kwanza iwe ya lita, uiongezee thuluthi, ndipo uiweke kando ya bei ya petroli.

Kwa upande wa injini, gesi huungua safi, oili hukaa muda mrefu bila kuwa nyeusi, oktani yake inapita 100 kwa hiyo injini haigongi, na hakuna awezaye kukuchanganyia mafuta ya taa, mchezo ambao mwaka 2018 uliifanya serikali iyatoze mafuta ya taa shilingi 18 zaidi kwa kila lita.

Kasoro ambayo hutaambiwa ni ya valvu. Gesi huingia kavu, na viti vya valvu za ekzosi huliwa kidogo kidogo hata valvu ikazama. Injini yako hairekebishi pengo la valvu yenyewe kama zile zenye vikombe vya oili. Pengo hufinyika mpaka valvu isifunge sawasawa, na asubuhi moja utaliona gari linatetemeka likiwa limesimama, nawe unabadilisha plagi bure. Kulirekebisha si kukaza skrubu. Ni kufungua juu, kutoa kamshafti na kuweka vikombe vya kipimo kingine, kazi ya siku nzima.

Mkaazi wa Mokowe

Mimi nilifunga gesi, na mwaka uliofuata nikaifungua. Mtambo haukuwa na ubaya wowote. Tangi langu liliandikwa lita 45, lakini valvu yake hufunga likifika asilimia 80, kwa hiyo nilikuwa napata lita 36, yaani kilomita 340 kwa makisio. Huo ndio mwendo wa Mombasa hadi Mokowe, kwenye jeti ya kuvukia Lamu, kupitia Garsen na Witu. Nikifika jetini gesi imekwisha, na njia nzima ya kurudi nakwenda kwa petroli ileile niliyoikimbia, kwa kuwa sikuwa na pampu ya gesi ya kujazia huku. (Wenzetu wa kisiwani wana punda, na punda hauliziwi oktani.) Uturuki magari ya gesi yamepita milioni nne, na mwenye gari huko hupita pampu ya gesi kila aendako. Kwetu sisi, kabla ya kuuliza bei, uliza ni mara ngapi kwa wiki tairi zako zinapita mbele ya pampu.

Jambo jingine ni tairi la akiba. Tangi la duara hukaa mahali pake, nalo tairi huhamia kwenye buti. Wewe mwenye kubeba masanduku ya wageni utalihisi hilo siku ya kwanza.

Chumvi ya Gongoni

Tangi lifungwe ndani ya buti, lisiwekwe chini ya gari. Hewa ya huku kwenye mashamba ya chumvi hula chuma hata kilichopakwa rangi jana. Litazame pia kama limepigwa mhuri wa 67R, yaani wa kanuni ya kimataifa ya usalama wa mitambo ya gesi ya magari. Lisilo nao usilikubali hata kwa bure.

Mama wa Barani

Jirani yangu ana tuktuk ya gesi, naye huijaza nyumbani kwa mtungi wa jikoni, akidai ndiyo dawa ya kukosa pampu. Je, fundi, hilo linafaa?

Fundi wa Maweni

Halifai hata kidogo, mama, na nakuomba mtoto asisimame karibu anapofanya hivyo. Mtungi wa jikoni umetengenezwa kutoa mvuke, ilhali tangi la gari hujazwa maji ya gesi, ndiyo maana jirani yako anaupindua mtungi juu chini na pengine kuumwagia maji ya moto. Mpira wa kujazia hana, na mara nyingi tangi aliloungaunga halina valvu ya kusimamisha kwenye asilimia 80. Maji ya gesi hutanuka kwa joto, na tangi lililojaa pomoni likiachwa kwenye jua la Januari halina nafasi ya kutanukia.

Isitoshe, gesi ni nzito kuliko hewa. Haipandi ikapotea, hutambaa chini. Mwaka jana niliingiza gari moja juu ya shimo langu la kazi, nikapaka povu la sabuni kwenye maungio, na kiungo cha tangi kikatoa mapovu madogo kama mate ya mtoto. Nikiwa juu sikusikia harufu yoyote. Niliposhuka ngazi mbili ndipo iliponipiga puani. Tulilisukuma gari nje kwa mikono, bila hata kugusa swichi ya taa. Mlipuko wa gesi wa Embakasi, Nairobi, wa tarehe 1 Februari 2024 ulitokea kwenye ujazaji usio halali, na hatuhitaji mfano mwingine.

Teksi ya Casuarina

Nimeshukuru. Nimepiga hesabu: nikijaza kila niendapo Mombasa, napata kilomita 680 za gesi kwa wiki, nami huendesha 1,080 hivi. Petroli itabaki kuendesha zaidi ya thuluthi moja, mbali na ile ya kuwashia asubuhi. Nadhani bado inanilipa, kwa kuwa safari za Mombasa ni za mkataba. Fundi, naomba unipimie pengo la valvu kabla sijafunga chochote, ili nipate namba ya kulinganishia mwakani.

Fundi wa Maweni

Liache gari kwangu jioni lilale, maana valvu hupimwa injini ikiwa baridi. Ekzosi za 1NZ ziwe kati ya milimita 0.25 na 0.35. Nikikuta yoyote imeshafika 0.25 ukiwa bado kwenye petroli, nitakwambia usifunge.