Dini na maendeleo ya nchi: wana Kigoma na Tabora, tuongee

Mwisho wa Reli: Wakuu, yule Mjerumani Max Weber mwaka 1905 alisema Uprotestanti ndio uliokuza ubepari Ulaya: kazi, kubana matumizi, faida inarudi kwenye mtaji. Sasa nitazame Ujiji hapa Kigoma, mji wa Waislamu wengi, watu na kahawa tangu asubuhi. Tatizo dini au nini?

Bin Ujiji: Kahawa inakuhusu nini, nani kakuomba umlipie kikombe? Hao unaowaona barazani saa nne wamekesha ziwani. Dagaa wao wako Kibirizi wanaanikwa, wewe ndiyo kwanza unapiga mswaki.

Mnyamwezi wa Ipuli: Wakongo ng'ambo hapo wengi wao Wakristo, na kobalti wanaongoza duniani. Mbona saruji wanafuata kwetu? Na Malaysia, Waislamu ndio wengi, inatuuzia mafuta ya kula.

Mwisho wa Reli: Malaysia mbegu za michikichi ya mafuta hayo walichukua hapa hapa Kigoma! Kila mtu anajua.

Mama Mawese: Kila mtu wa majukwaani. Mchikichi asili yake Afrika Magharibi. Waholanzi walipanda miche minne Bogor, Indonesia, mwaka 1848, Malaysia wakapata huko. Wenzetu wanapanda tenera, mchikichi chotara wenye nyama nyingi. Sisi wengi bado tuna dura, kokwa kubwa, nyama kiduchu; unachemsha, unatwanga, unakamua mpaka kiuno kinalia, dumu halijai. Miche ya tenera ipo kituo cha utafiti cha Kihinga, hapa Kigoma, na hawaulizi unasali wapi.

Bin Ujiji: Mpe dozi mama. Ila ya kahawa hajaomba radhi.

Mwisho wa Reli: Siombi. Shule zote za maana zilikuwa za misheni, ukweli unauma.

Mnyamwezi wa Ipuli: Tabora School ilikuwa ya serikali, bwana. Nyerere aliingia 1937, kabatizwa 1943, keshamaliza.

Bin Ujiji: Na misheni yenyewe, babu yangu aliambiwa abatizwe kwanza ndipo ashike kalamu. Akarudi ziwani. Leo mjukuu anaambiwa mvivu!

Mwisho wa Reli: Nimesema kahawa, sijasema uvivu.

Mnyamwezi wa Ipuli: Mama Mawese, tukiacha hayo, dumu nililonunua stesheni mwezi uliopita nusu lilikuwa maji. Watu wa Kigoma mna dini gani nyie?

Mama Mawese: Ulinunua kupitia dirishani treni ikiondoka, hata kifuniko hukufungua. Na asali yenu ya sukari guru je, tuizungumze?