Beta wangu mkia unaliwa kingo zimekuwa nyeusi, nifanyeje?

Mwana_Chuga
Wakuu habari zenu. Nina samaki wa urembo aina ya beta, dume wa bluu, mkia mrefu ule wa kuburuza, nipo naye tangu mwezi wa tano. Hii wiki ya pili naona mkia umekatikakatika kama kitambaa kilichotafunwa na panya na kingo zimeweka weusi. Anakaa peke yake kwenye bakuli la kioo la lita 3, kila jumapili namwaga maji yote nasugua bakuli mpaka linang'aa, na nimemwekea ua la plastiki ajifiche. Nimeambiwa niweke dawa ya bluu nimeweka siku nne wapi. Chakula hataki kula vizuri, kutwa kalala chini. Mwanangu kila akitoka shule anakimbilia bakuli kwanza, naombeni msaada jamani.

fundi_tangi
Pole sana mkuu. Pezi likikwaruzwa linapasuka mstari safi na rangi ya ukingo inabaki ileile. Likiwa linaoza linaliwa kuanzia ukingoni kuja mwilini, unaona weusi au wekundu, kwa hiyo wako anaoza mapezi na hapo tatizo ni maji. Samaki anatoa amonia, ambayo ni sumu kwake, muda wote na chakula kilichobaki kinaongeza, sasa lita 3 zinachafuka upesi mno hata kama kwa macho maji ni meupe, halafu ukimwaga yote na kusugua unaondoa wale bakteria wazuri wanaokula amonia, kila jumapili unaanza sifuri. Na baridi ya Chuga (Arusha) mwezi huu! Huyu asili yake Thailand, anataka nyuzi 25 mpaka 27 usiku na mchana, maji yakipoa kinga yake inashuka.

Tafuta tangi la lita 20, hita, na filta ya sponji inayosukuma maji taratibu. Kwa sasa badilisha robo ya maji kila siku, yawe yametolewa klorini (ile dawa ya maji ya bomba) na joto lilingane na ya zamani. Chumvi isiyochanganywa kitu, kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, ikoroge pembeni kwanza iyeyuke, isizidi siku 10. Chumvi haipotei na mvuke, kwa hiyo ukitoa lita moja unarudishia chumvi ya lita moja tu, hapa wengi wanawaua samaki wao.

MamaTanga
Mdogo wangu hilo ua litoe leo. Chukua stokingi kuukuu uipitishe juu yake, ikinasa ujue na mkia unanasa. Weka mmea halisi wenye majani laini. Halafu majani ya mkungu, huku Tanga tunayakanyaga tu njiani, okota yaliyokauka yakawa kahawia, suuza, jani moja linatosha tangi la lita 20. Maji yatakuwa rangi ya chai ya rangi, usiogope, Thailand kwenyewe wafugaji wanatumia. Ila lisikufanye uache kubadilisha maji, jani ni msaada tu.

daktari_wa_mifugo
Naongezea kidogo. Ukiona kuoza kumefika kwenye nyama, chumvi haitoshi, hapo ni antibayotiki na muone mtu wa mifugo akupe kipimo. Msifungue vidonge vya binadamu mkamimina kwa kukadiria.

Mwana_Chuga
Nimerudi wakuu, siku ya 12 leo. Tangi nimepata la lita 25 na hita, ua nilitupa siku ileile, majani ya mkungu nimetumiwa na shemeji yupo Dar. Weusi umeisha na anakula. Ila ukingoni kumeota kitu kama nailoni, hakina rangi kabisa, nikimulika tochi naona mpaka upande wa pili. Ni fangasi?

fundi_tangi
Fangasi ingekuwa na manyoya kama pamba. Hilo ndo pezi jipya mkuu, linaanza hivyo hivyo bila rangi, bluu itakuja yenyewe baadaye. Chumvi acha sasa, maji endelea nayo, na mwite mtoto aone.

Mwana_Chuga
Yupo hapa kashika tochi, hataki kwenda kulala.